Kope za Komeo

Ukitaka kujua nani kaoa, nani kaachwa na nani kanyoa ndevu, usihangaike kuuliza mlango kwa mlango. Nenda jioni kwenye benchi lililo baina ya karakana ya mageti na kibanda cha simu, mashine ya kuchomelea ikishanyamaza. Benchi lenyewe ni la ubia. Chuma chake kilichomelewa na Kepteni, mwenye karakana. Kivuli kinatoka kwenye turubai la Skrini, fundi simu. Kahawa ni ya Shangazi, ambaye si shangazi wa mtu yeyote pale, lakini hakuna anayethubutu kumwita vinginevyo. Na ule mto mwekundu mnene, ulioshonwa uzi maradufu ili usichanike hata ukikaliwa na mtu mwenye funguo mfuko wa nyuma, aliushona Komeo, fundi makochi wa ng'ambo ya barabara, kwa mikono yake na kwa mapenzi yake. Ndiyo maana ilikuwa inamuuma kwamba tangu ile nusu fainali, yeye alikuwa anakaa juu ya tofali.

Hakuna aliyemfukuza. Ila kila akifika, anakuta mto umejaa. Watu watatu ambao zamani walikuwa wakibanana ili wa nne apate nafasi, siku hizi walikuwa wanakaa na magoti yametanuka kana kwamba wanapigwa picha. Komeo alikuwa kipa wa timu ya maveterani wa mtaa, na jina hilo alipewa kwa sababu akifunga, amefunga, hapiti mtu. Sasa kwenye nusu fainali, dhidi ya timu ya Sokoni, walipita mara tatu. Magoli matatu, yote ya juu, yote laini, na kipa kasimama anatazama mbele kama mtu anayesubiri lifti. Mechi ilipokwisha, watu wakamwona anapanda gari la nahodha wa Sokoni. Basi. Kabla jua halijazama, mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba Komeo ameuza mechi. Glavu zake zikachukuliwa, zikatundikwa msumarini ndani ya karakana ya Kepteni, ambaye ni nahodha wa timu na ndiye aliyemwoa dada yake Komeo.

Jioni hii Komeo alivuka barabara akiwa na jambo. Alikuwa amelipanga tangu asubuhi, pini mdomoni, akivisha kiti cha kinyozi kitambaa kipya. Alijua kwamba asipolisema leo hatalisema tena, na atazeeka juu ya lile tofali. Akakaa, akapokea kikombe, akainua kidevu juu kama kawaida yake, tabia ambayo kijiwe kilishaipa jina la maringo, kisha akasema:

— Jamani, Jumatatu nakwenda kufanyiwa upasuaji. Wa kope.

Kijiwe kikameza funda moja. Halafu kikalipuka.

— Wa nini?

— Wa kope.

— Kope hizi hizi za macho? akauliza Mzee Ripoti, mlinzi mstaafu wa zamu za usiku, ambaye redio yake ndogo haijapata kuzimwa tangu astaafu.

— Kwani una nyingine, Mzee? akasema Shangazi.

— Hiyo ni urembo, bwana! Skrini akaruka kabisa, bisibisi mkononi. Wateja wangu wananionesha kila siku. Kabla na baada. Kabla, mtu anafanana na mama yake. Baada, hafanani na mtu yeyote!

— Imeripotiwa, akasema Mzee Ripoti akinyanyua kidole, kwamba kuna bibi mmoja walimkata ikazidi. Sasa anashangaa saa ishirini na nne. Akiletewa chai anashangaa. Akiletewa mtoto anashangaa. Kaenda msibani kashangaa mpaka wafiwa wakamwomba atoke.

— Maskini!

— Na akilala je? akauliza Skrini.

— Analala macho wazi. Mumewe hajui lini kalala, lini anamsikiliza. Kaacha kunong'ona simuni yule bwana, kaokoka.

Walicheka mpaka benchi likalia. Hata yule mama aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha wateja mbele ya kibanda, akisubiri simu yake iliyopasuka kioo, alificha mdomo kwa mkono. Alikuwa mgeni mtaani. Alishuka hapo kwa ajili ya simu tu. Kepteni peke yake hakucheka. Alikuwa anapuliza kahawa yake ambayo ilishapoa.

— Ngoja niwaambie, akasema Skrini akishusha sauti, na Skrini akishusha sauti ujue anapandisha uongo. Simu hizi mpya zinafunguka kwa sura. Ukikatwa kope, sura imebadilika. Simu haikujui! Unailetea uso, inakukatalia. Kamera za barabarani hazikujui. Benki haikujui. Sasa nyinyi jiulizeni, nani anataka asijulikane?

Wote wakageuka, wakamtazama Komeo.

— Naam, akasema Mzee Ripoti. Mtu mwenye la kuficha.

— Na ile ngozi wanayokata, Skrini akaendelea, moto ukiwa umeshamkolea, mnadhani wanatupa? Hawatupi! Inapelekwa kiwandani. Kuna matajiri huko hawana kope kabisa.

— Wamezaliwa bila?

— Zimekwisha! Kwa kufumba macho wasione shida za watu.

— Wallahi kampuni za ulinzi zikisikia, akasema Mzee Ripoti, zitamkata kila mlinzi kope. Mimi walinifukuza kwa kusinzia. Ningekuwa sina kope wangenikamatia wapi?

Komeo alisubiri. Alikuwa amezoea kusubiri. Miaka yote langoni ni kusubiri. Kichwa kilikuwa kinamgonga kwenye paji la uso, kama kila jioni, kwa sababu kutwa nzima alikuwa amenyanyua nyusi bila kujua ananyanyua nyusi. Daktari ndiye aliyemwonesha hilo. Alimwambia, pumzisha paji, na nyusi zilipotua, chumba kikapungua kwa juu.

— Mkimaliza nitaeleza, akasema.

— Eleza, mrembo, akasema Kepteni. Lilikuwa neno lake la kwanza jioni ile. Timu inatafuta kipa, kipa anatafuta uzuri. Eleza.

— Shemeji, si uzuri. Sikiliza. Umeliona kochi lililokaliwa muda mrefu? Kitambaa cha juu kinalegea. Sifongo ndani haina neno, fremu haina neno, lakini kitambaa kimezidi, kinakunjika, kinaning'inia ukingoni. Mimi nafanya nini? Napima kilichozidi, nakata, nashona palepale kwenye mkunjo ili mshono usionekane. Ndicho anachofanya daktari. Ngozi ya kope ya juu imelegea, imeshuka, imekaa juu ya jicho kama pazia lililokatika kamba. Anachoma ganzi, anakata iliyozidi, anashona kwenye mkunjo. Siku hiyo hiyo narudi nyumbani. Nitavimba, nitakuwa na weusi kama nimepigwa ngumi, halafu vinaisha.

— Na wewe unakuwa macho wakati wanakata?

— Nakuwa macho, naongea naye.

— Mungu wangu! akasema Shangazi, akamwongezea kahawa bila kuombwa. Kisha akainama karibu, mkono shavuni. Ebu niambie, mwanangu. Na hivi vya chini je? Hivi vifuko?

Kweli Shangazi alikuwa na vifuko chini ya macho, viwili, vinene, ambavyo vilimfanya aonekane ametoka kulia hata siku anayoimba.

— Hivyo vinatibika, akasema Komeo. Nilimuuliza. Ni mafuta yamesogea mbele na ngozi imelegea. Kuna upasuaji wa kope ya chini, wanayatoa au wanayapanga upya. Ila hivyo sasa ni uzuri tu, havikuzuii kuona.

— Uzuri tu! Wewe unajua watu wangapi wananipa pole kila asubuhi? Nimechoka kupokea pole zisizo na maiti!

Hapo ndipo kijiwe kilipopata wazimu wake. Skrini alichomoa kioo cha simu ya mteja, kikapita mkono hadi mkono, kila mtu akijitazama na kujivuta ngozi.

— Na haya ya pembeni? Mzee Ripoti akakunja uso kuonesha makunyanzi yaliyotawanyika kutoka kwenye pembe za macho.

— Hayo hapana, Mzee. Hayo yanatokana na kucheka. Kukata kope hakuyaondoi.

— Nyusi zangu zimeshuka, akaendelea Mzee Ripoti.

— Nyusi ni kazi nyingine. Hata mtu ambaye msuli wa kunyanyua kope ndio umechoka, huyo anatengenezwa msuli. Daktari lazima apime kwanza, ajue ni ngozi au ni msuli.

— Mimi weusi huu chini ya macho, akasema Skrini.

— Wewe lala. Zima simu za watu ulale.

— Na Kepteni? Macho yake mekundu kama pilipili!

— Huyo avae miwani anapochomelea. Hilo hata mimi si lazima niende hospitali kulijua.

Wakacheka tena, na safari hii Komeo alicheka nao, na kwa dakika hiyo alisahau kwamba alikuwa juu ya tofali. Mzee Ripoti alikuwa amevuta shavu lake lote juu kwa kiganja, akiuliza kama kwa hivi angeweza kuoa tena. Hata yule mama wa simu alikuwa ameombwa atoe hukumu, akasema kwa adabu kwamba Mzee anapendeza vilevile alivyo. Ilikuwa furaha ya zamani, ile ya kabla ya nusu fainali. Komeo akaona kwamba asipolisema sasa, itakwisha bila yeye kuingia ndani yake.

— Na ndiyo maana yale magoli yaliingia, akasema.

Kicheko kikakatika.

— Aaa, akasema Kepteni taratibu. Akaweka kikombe chini. Sasa tumefika. Nilikuwa najiuliza habari za kochi na pazia zinakwenda wapi. Kumbe zinakwenda Sokoni.

— Shemeji...

— Miezi yote hii ulikuwa hujui huoni? Unashona nyuzi nyembamba kama unywele, mpira mkubwa kama tikiti huuoni?

— Uzi uko chini! Komeo alijikuta amesimama. Kazi yangu yote iko chini. Pini, mkasi, kochi, vyote magotini. Chini naona kama kijana. Ni juu ndiko kumefungwa, na kumefungwa polepole, kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, mpaka nikadhani dunia ndiyo ilivyo. Walinikalisha kwenye mashine. Unaweka kidevu, unatazama katikati, vitaa vidogo vinawaka huku na huku. Ukikiona kimoja unabonyeza. Vya chini nilivibonyeza vyote. Vya juu nikakaa kimya, nadhani mashine imeharibika. Kumbe vinawaka! Halafu nesi akainua ngozi, akaibandika kwa plasta, tukaanza upya. Shemeji, vikaja. Juu huko vikaanza kuwaka kimoja kimoja. Nilibonyeza huku nalia. Daktari akaniuliza kama nasikia maumivu. Nikamwambia hapana, nimekumbuka mechi.

Mzee Ripoti alipunguza sauti ya redio, jambo ambalo halijapata kutokea.

— Maneno, akasema Kepteni, lakini sauti yake haikuwa na chuma kama mwanzo. Maneno hata mimi ninayo.

— Basi tujaribu! Skrini akaruka. Tujaribu hapa hapa! Gundi ninayo!

Akatoa mkanda wa gundi ya kubandikia vioo vya simu. Shangazi akampiga mkono.

— Hiyo ya kubandikia vioo? Umng'oe nyusi? Ondoka huko! Mimi nina plasta ya karatasi, kila siku naungua vidole na jiko hili. Kaa chini, Komeo.

— Bado, akasema Kepteni. Kwanza bila plasta. Tuone.

Mbele ya karakana kulikuwa na fremu ya geti la malori, pana na ndefu, haijawekewa bati, imeegemezwa ukutani ikisubiri mwenyewe. Ilikuwa kama goli lililotengenezwa makusudi. Kepteni aliingia ndani, akatoka na mpira, na juu ya mpira, glavu. Hakumpa Komeo mkononi. Aliziweka juu ya tofali. Komeo alizivaa bila haraka, kidole kwa kidole, na zilikuwa zimekakamaa kwa vumbi la chuma. Akaenda akasimama chini ya fremu.

Mpira wa kwanza Kepteni aliupitisha chini. Komeo akaudaka. Wa pili chini, kushoto. Akaudaka. Skrini akapiga makofi. Halafu Kepteni akaurusha juu, polepole, mpira wa kumrushia mtoto. Ukapanda, ukapita juu ya kichwa cha Komeo, ukagonga ukuta, ukarudi ukambingirikia miguuni. Komeo hakuwa amesogea. Alikuwa bado anasubiri.

— Rusha basi, akasema.

— Nimesharusha, akasema Kepteni.

Shangazi alishika kifua. Siku ya mechi wote walikuwa mbali, nyuma ya mstari, wanapiga kelele. Leo walikuwa hatua chache tu kutoka usoni mwake, na waliona kwamba macho yake hayakuufuata mpira hata kidogo. Yalikuwa yametulia mahali pale ulipoishia kuonekana.

— Lete plasta, akasema Kepteni.

Shangazi alimkalisha Komeo juu ya mto mwekundu, kwa sababu ndipo palipokuwa na mwanga mzuri, na Mzee Ripoti akasimama kumpisha. Alimfuta jasho kwa ncha ya kanga, akakata vipande, akainua ngozi ya kope ya kulia kwa kidole gumba, taratibu, akaibandika chini ya nyusi. Kisha ya kushoto.

— Fungua.

Komeo akafungua. Alikaa hivyo muda mrefu, kidevu chini, mahali pake, kama watu wengine wanavyokaa. Paji lake lilikuwa limetulia, halina mkunjo. Skrini alisema baadaye kwamba alionekana kama mtu aliyepewa habari njema kwa lugha ya kigeni.

— Turubai lako lina kiraka cha buluu, Skrini.

— Lina viwili.

— Na lile ghorofa... Komeo akanyoosha mkono wenye glavu. Kumbe juu kuna watu! Kuna mtu anaanika blanketi. Jamani, kuna mtoto anatupungia!

— Mpungie basi!

Akapunga kwa glavu. Halafu akageuka kutazama duka lake ng'ambo ya barabara, na uso wake ukabadilika.

— Kibao changu kimepinda!

Kweli, kibao cha duka lake kilikuwa kimeachia upande mmoja, kimening'inia kama mtu aliyeteguka bega.

— Tangu lini?

— Mwaka wa pili huu, akasema Skrini.

— Mbona hamkuniambia?

— Tulidhani unajua.

— Tulidhani umekipenda hivyo, akaongeza Mzee Ripoti.

— Rudi golini, akasema Kepteni, na sasa alikuwa anakunja mikono ya shati.

Mpira wa kwanza wa juu, Komeo aliufuata kwa macho tangu ulipotoka mikononi, ukapanda, akapanda nao, akaushika kwa mikono miwili. Kijiwe kikapiga ukelele. Wa pili, kulia, juu kabisa. Akaupangua kwa ncha za vidole. Mwendesha pikipiki akasimama. Kinyozi akatoka na mteja wake mwenye kichwa nusu. Kepteni sasa hakuwa anarusha tena. Alikuwa anapiga, kwa mguu, kwa hasira, kama mtu anayetafuta kosa na anaomba asilipate. Wa tatu, wa nne. Komeo anaruka, anaanguka, anainuka, machozi yanamtiririka mashavuni kwa sababu plasta haikumruhusu kupepesa vizuri, na kwa sababu nyingine pia. Mzee Ripoti alikuwa ameshika redio yake mdomoni kama kipaza sauti.

— Anapigaaa! Anadakaaa! Wasikilizaji, huyu si mtu, hili ni komeo!

Mpira wa mwisho Kepteni aliupiga ukajikunja kuelekea pembe ya juu, pale mtambaa panya unapokutana na nguzo. Komeo aliuona ukija. Aliuona wote, tangu mwanzo hadi mwisho. Akaruka, yeye na umri wake na tumbo lake na glavu zake ngumu, akaukumbatia hewani, akaanguka nao kifuani, kwa ubavu wa kushoto, vumbi likapaa. Barabara nzima ikashangilia. Shangazi alikuwa anaruka na birika mkononi, kahawa inamwagika, hajali.

Kepteni alisimama mikono kiunoni, anahema. Kisha akaenda, akamnyanyua.

— Shemeji, akasema. Yale matatu.

— Sikuyaona. La kwanza nilijua ni goli niliposikia wavu.

— Na lile gari? Nahodha wa Sokoni?

— Kochi! Mkewe anataka kitambaa kipya. Nilikwenda kulipima, kesho yake akaliteremsha dukani kwangu. Liko pale mpaka leo. Si mlilikalia wenyewe siku ile ya mvua? Mzee alisinzia juu yake!

— La kahawia? akasema Mzee Ripoti. Kochi zuri sana lile.

— Ndilo.

Kepteni alifunika uso kwa kiganja chake kikubwa, chenye makovu ya cheche. Alipokitoa, alimshika Komeo bega, akamrudisha kwenye benchi, akamkalisha katikati ya mto mwekundu. Yeye mwenyewe akakaa juu ya tofali.

— Fainali ya mwakani uko langoni.

— Daktari akiruhusu. Kasema nisiruke mpaka anikague.

— Tutamngoja daktari. Tutakupeleka sisi Jumatatu. Wote.

— Benchi zima! akasema Skrini. Nafunga kibanda!

— Mimi nakuja na vifuko vyangu, akasema Shangazi, vikaone njia.

Furaha ilifurika sasa. Kila mtu alitaka kuwa karibu na Komeo, kila mtu alikuwa na la kusema.

— Mimi tangu mwanzo nilisema, akasema Skrini, Komeo hawezi kuuza mechi. Hana sura hiyo.

— Hata mimi! akasema Mzee Ripoti. Niliposikia, nikasema haiwezekani.

— Mie nilikuwa nawaambia wateja, akasema Shangazi, jamani, acheni maneno. Mtu wa watu yule.

— Mimi ni nahodha tu, akasema Kepteni. Mtaa ukisema, nahodha ana la kufanya? Lakini moyoni nilikataa.

— Wote tulikataa!

— Wote!

Komeo alikuwa anasikiliza, tabasamu usoni, plasta juu ya macho. Alikuwa na furaha kweli. Alitaka kuwaamini, na alikuwa karibu kabisa kuwaamini.

— Samahani jamani.

Ilikuwa sauti ya yule mama wa simu. Alikuwa amesimama, mkoba begani, kwa adabu ya mtu anayejua si kwao.

— Mimi mgeni, nasubiri simu yangu tu. Nimefurahi sana kwa ajili ya huyu baba. Ila kuna kitu sijaelewa. Nyote hamkuamini. Sasa nani alianza kusema kwamba ameuza mechi?

Skrini akaanza kufuta bisibisi yake kwa shati. Mzee Ripoti akainama kutafuta sauti ya redio. Kepteni akatazama kucha zake.

Komeo akageuka, bila kuinua kidevu, akawatazama mmoja mmoja. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kuziona nyuso zao nzima, kuanzia nywele hadi kidevu, zote kwa mara moja. Akamtazama Skrini, Skrini akashusha macho. Akamtazama Mzee, Mzee akashusha macho. Akamtazama Kepteni, mume wa dada yake, muda mrefu kuliko wengine. Hakuuliza. Hakuwa na haja ya kuuliza, alikuwa anaona vizuri kabisa.

Shangazi alichukua birika, akaliinamisha juu ya kikombe kimoja, kisha kingine. Halikutoa kitu.

— Kahawa imeisha, akasema, kwa sauti ndogo.

Kwa kawaida kahawa ikiisha, kijiwe kinavunjika. Mtu anajipangusa suruali, anasema haya, tutaonana, anakwenda. Jioni ile hakuna aliyenyanyuka. Kila mmoja alikuwa anaogopa kwamba wa kwanza kusimama ndiye atakayedhaniwa kuwa alianza. Basi wakakaa, vikombe vitupu mikononi, na Komeo katikati yao, glavu magotini, macho wazi.